Mgawaji Aelekee Kibla

Mmeniletea ujumbe, nyinyi vijana mlioingia kazi ya wakfu mwaka huu, mkaniomba "nasaha fupi." Fupi! Mtu aliyegawa mkate kila Alhamisi kwa miaka karibu arubaini mnamwomba fupi. Haya, tieni kahawa, mkae. Nitawaandikia kwa Kiswahili, kwa kuwa nyumbani kwenu nyote nimesikia bibi zenu wakigombana kwa lugha hiyo, na kwa kuwa Kiarabu changu cha kuandika ni cha ofisini, kinanuka mihuri.

Nitaanza kwa kujisifu, maana nisipojisifu mwenyewe mke wangu hatanisaidia. Katika umri wangu wa kazi nimesimamia wakfu za kila namna: ya kuchimbia makaburi, ya taa za msikiti, ya kahawa ya wapita njia, ya mafuta ya kuwapaka wanawake wazazi. Hakuna hata moja iliyofia mkononi mwangu. Wakfu huweza kufa, msidhani. Mtu anatoa mali yake kwa ajili ya maskini, anakufa akiwa na raha, na baada ya miaka sitini anatokea karani hodari kama mimi anaiua kwa akili zake. Mimi mwenyewe nilitaka kuua moja mwaka wangu wa kwanza, na hiyo ndiyo nitakayowasimulia.

Ilikuwa wakfu ya Bibi Zuweina, mjane wa hapa Matrah, Maskati, wa zamani sana. Hana picha, hana kaburi linalojulikana. Ana karatasi ya mistari saba tu. Ndani yake alisema kwamba shamba lake la mitende liwe wakfu, na mapato yake yawe mkate na tende kwa maskini wa mtaa na mgeni apitaye, kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri, katika ua wa msikiti mdogo uliokuwa karibu na nyumba yake. Kisha, mwisho kabisa, maneno matatu: mgawaji aelekee kibla.

Shamba lenyewe halipo tena. Kisima kilikauka, mitende ikasimama mikavu, na kadhi akaturuhusu kubadilisha ardhi ile kwa mali nyingine. Tukapata gereji mbili kule Ghala. Kwa hiyo leo gari likitengenezwa giaboksi Ghala, mtu anakula mkate Matrah. Bibi Zuweina hakupata kuliona gari maishani mwake. Nikifikiri hivyo hucheka peke yangu barabarani.

Nilipokuja kutoka Unguja nilikuwa kijana, nna mashati mawili na Kiingereza kingi. Ofisi ikaniweka chini ya mzee mmoja, Ami Nasor, aliyekuwa wakili, yaani msimamizi, wa wakfu ile. Ami Nasor alikuwa mwembamba, mkali, na kiziwi wa sikio moja, tena sikio lenyewe lilibadilika kufuatana na nani anazungumza. Kila Alhamisi aliweka vikapu viwili vya ukili karibu na mlango wa ua, vimejaa mafungu: mkate umekunjwa na tende ndani yake, umefungwa kwa karatasi. Kisha yeye huenda akaketi katikati ya ua, juu ya kiti, ameelekea ukuta wa kibla, mgongo kwa mlango na kwa vikapu. Huvuta tasbihi. Watu huingia, huchukua, hutoka. Wa mwisho hufunika kikapu kitupu kwa kawa na kutoa salamu, na mzee huitikia bila kugeuka, akanyanyuka kwenda zake.

Mimi nilimwona anasinzia. Kwetu Unguja kumpa mtu kitu kwa mgongo ni kumtukana, na nikajisemea kwamba mzee huyu anahitaji kufundishwa adabu, ila hakuna wa kumfundisha.

Mwaka ule Ami Nasor akenda Hija. Akaniachia vikapu na onyo moja: "Usiguse kitu." Alhamisi ya kwanza nikagusa. Nikakigeuza kiti.

Nilikaa nimeelekea mlango, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, na kila aliyeingia nilimpokea kwa mikono miwili. Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Na kwa kuwa siku zile kila mmoja wetu aliyetoka Unguja alikuwa anatafuta jamaa zake kama mtu anayetafuta funguo zilizopotea, nikawauliza na lile swali letu: "Wewe wa kina nani?" Nilidhani nnawakirimu. Kumbe nilikuwa nnamwuliza mtu aliyeshika mkate wa maskini anitajie ukoo wake mbele ya watu.

Mafungu yakaanza kubaki. Mimi sikushtuka. Nikaandika ripoti, kwa mwandiko mzuri, kwamba umaskini umepungua mtaani.

Alhamisi ya tatu akaingia mwanamke wa makamo, ameuteremsha ushungi mpaka puani. Akainama kikapuni, akatwaa fungu moja. Nikamjua kwa mkono. Mkono ule ulikuwa ukinipakulia pilau kila sikukuu nilipokuwa mtoto. Ulikuwa mkono wa Bi Rayya, mke wa tajiri, ambaye nyumbani kwake Malindi, Unguja, hakuna aliyepita mlangoni asikaribishwe ndani. Sikujua kwamba amefika Maskati. Sikujua kwamba mumewe amekufa na mali imekwisha. Niliruka kitini kwa furaha.

"Bi Rayya! Shikamoo Bi Rayya! Mie Khalfan, mtoto wa Bi Zuhura! Hunikumbuki? Tulikuwa tukija kula kwako!"

Uani mlikuwa na watu saba au wanane. Wote wakatazama.

Bi Rayya alilirudisha lile fungu kikapuni, taratibu, akalisawazisha karatasi yake kama mtu anayetandika kitanda. "Umenifananisha, mwanangu," akasema, akatoka.

Hakuja Alhamisi iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Nikauliza, nikaambiwa anakaa peke yake katika chumba kimoja, vichochoro viwili kutoka msikitini. Haya iliniingia, lakini kijana akiingiwa na haya hufanya haraka kosa la pili. Nikajaza sahani yangu nzuri ya bluu: mchele, samaki, mikate miwili ya wakfu. Nikampelekea mlangoni. Alifungua kidogo tu.

"Ahsante mwanangu, sisi tumeshakula," akasema. Sisi! Naye yuko peke yake. Nikaweka sahani kizingitini, nikaondoka mbio.

Asubuhi yake sahani ikarudi kwangu, imefunikwa kitambaa cheupe. Ndani yake mlikuwa na visheti. Mnajua ada yetu: sahani ya jirani hairudi tupu. Visheti vilikuwa vizuri, vimemetameta sukari, nami nikavila vyote, nikajilamba vidole, nikaona mambo yamekuwa sawa.

Ami Nasor aliporudi kutoka Makka, alikuwa ameshasoma ripoti yangu kabla hajatua mtungi wake wa zamzam. Ofisini walikwishaanza kusema kwamba ikiwa maskini wa mtaa ule wamekwisha, basi mapato ya Bibi Zuweina yahamishiwe penginepo. Akaniita uani. Nikamweleza yote, kiti, salamu, Bi Rayya, sahani, na visheti, nikitarajia anisifu kwa visheti.

"Ulivila?" akaniuliza.

"Nilivila, Ami. Vilikuwa vitamu."

"Ya walad," akasema, "yule mama alikuwa na unga wa siku ngapi ndani? Umemrushia sahani asiyoiomba, naye hawezi kuirudisha tupu. Umekula unga wake."

Mpaka leo visheti sivili, na wanangu wanadhani ni sukari ya mwilini.

Kisha akautoa ule waraka wa wakfu kwenye mfuko wa kanzu, akanipa, akaniambia niusome. Nikausoma. Akaniambia niusome tena, nikiwa nimesimama pale pale uani. Nikafika kwenye maneno ya mwisho, mgawaji aelekee kibla, nikainua macho. Kibla mbele yangu, ukuta mtupu. Mlango nyuma yangu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba Bibi Zuweina hakuwa akimwagiza mgawaji afanye ibada. Alikuwa akimkataza kutazama.

Hilo liandikeni mahali, vijana, kama hamtaandika jengine: waraka wa wakfu hausomwi ofisini. Uchukue, uende nao mahali penyewe, usimame, uusome kwa sauti, utazame mlango uko wapi. Sharti linaloonekana la ajabu ndilo linalobeba wakfu nzima. Walioandika hawakuwa na karatasi ya kupoteza.

Adhabu yangu ilikuwa kiti. "Utakaa wewe," akasema Ami Nasor, "mpaka warudi." Na mkate pia akaniachia mimi: kuagiza, kuonja, kubeba. Nikawa nnaagiza kwa Mbulushi mmoja mwenye tanuri karibu na soko, na nnathubutu kusema kwamba mkate wa wakfu ulikuwa bora kuliko mkate wa nyumba nyingi za watoaji. Kanuni yangu ni moja: usigawe usichoweza kukila mwenyewe. Mkate usifungwe ungali moto, utatoa jasho na kulainika. Tende zipasuliwe moja moja kutazama wadudu. Mkipewa tende na tajiri kwa sababu zimemchachia ghalani, mrudishieni kwa heshima zote.

Walirudi. Ilichukua miezi. Kukaa ukipa watu mgongo ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani, shingo inawasha. Lakini masikio hufunguka. Nilijua mvua imenyesha milimani kwa namna ndara zinavyovuta tope. Nilijua nani ana mtoto mgongoni, nani ana viatu vipya na anajaribu kutembea kimya. Nilichokuwa nnakisikiliza hasa kilikuwa kitu kimoja: Bi Rayya amerudi au hajarudi? Anakula au hali? Nilimwomba Ami Nasor aniruhusu nigeuke mara moja tu, nimwone kama yumo, basi nitulie.

"Geuka," akasema. "Nani amekuzuia? Lakini ukigeuka usikae tena kwenye kiti hicho."

Sikugeuka.

Mmoja nilimjua kwa kikohozi. Kikohozi kifupi, kikavu, mara mbili. Huyu aliingia, nikasikia karatasi inachakarisha, akakohoa, kisha karatasi ikachakarisha tena. Mafungu mawili! Wiki ya kwanza nikasamehe. Wiki ya nne nikamshitaki kwa Ami Nasor. Nilikuwa nimempa jina kichwani mwangu, Bibi Kikohozi, na nilimchukia. Nilijiambia pengine Bi Rayya huja mwisho, kwa haya, akakuta kikapu kitupu kwa sababu ya tamaa ya huyu.

"Ami, yuko mtu anachukua mawili."

Mzee akaweka mkono kwenye sikio, lile la kiziwi siku ile. "Bibi Zuweina ameandika fungu moja moja?"

"Hakuandika."

"Basi mimi sikusikia kitu, na wewe hukuona kitu. Ongeza mafungu."

Nikaongeza. Miaka ikapita, Ami Nasor akafariki, Mungu amrehemu, na uwakili ukawa wangu. Bibi Kikohozi akaendelea na mawili yake, tena bila haya, hata siku moja akaanza kuchukua moja tu. Nikajisemea, ametubu. Nikajipongeza kwa subira yangu.

Msidhani baada ya hapo sikukosa tena. Tulikuwa na wakfu nyingine, ya masufuria makubwa ya shaba, ya kuazimwa na maskini wenye harusi. Waraka wake ulisema yarudishwe bila kuoshwa. Mimi nikaona uchafu gani huu! Mama mmoja akarudisha sufuria lina ukoko wa wali chini, nikamwambia akalioshe kwanza. Ami Nasor, alipokuwa hai bado, akatokea nyuma yangu, akalichukua sufuria, akamwombea mama yule heri za harusi, akamuaga. Kisha akanipa mchanga na ndimu. Nililisugua nikiwa na saa mkononi na kalamu mfukoni, mpaka jua likazama. Aliyeweka wakfu ile alijua kwamba mama maskini siku ya pili ya harusi hana mtumishi wa kumsugulia, na akaona walau siku hiyo moja asuguliwe na wakili. Tangu siku hiyo nasugua sufuria vizuri kuliko mke wangu, ila hilo msimwambie.

Bi Rayya alifariki mwaka ambao barabara ya pwani ilikuwa inapanuliwa. Nilikwenda mazikoni, nikasimama nyuma. Nilitaka kuuliza mtu, yeyote, alikuwa akila nini miaka yote ile? Lakini hilo si swali la kuuliza makaburini. Nikarudi nalo nyumbani, nikalala nalo miaka mingi. Mkinisikia najisifu, mjue kwamba ndani ya kujisifu kwangu pana mahali palipokuwa panauma, na mahali penyewe ni hapo. Kila mtu alikuwa akiniambia, Khalfan, umelisha mtaa. Nami nnajua nimemfukuza mmoja.

Wageni nao wakaongezeka. Alhamisi moja nikasikia viatu vya raba mlangoni, kisha sauti ya kike, ya bara.

"Mzee, samahani. Hii mkate ni ya Waislamu peke yao, ama hata sisi?"

Sikugeuka. "Wewe mgeni?"

"Mimi ni wa Kenya. Nafanya kazi ya usafi, nakaa Wadi Kabir. Mshahara imechelewa."

"Mwenye mkate amesema mgeni, hakusema mgeni wa dini gani. Chukua, mwanangu."

"Asante. Lakini mbona unaongea na ukuta?"

"Ukuta hauna maneno."

Akacheka mpaka nikacheka. Alhamisi iliyofuata nikasikia raba sita. Wapo walionung'unika mtaani, nikawapeleka uani mmoja mmoja, nikawasomea waraka pale pale, na tukaishia hapo.

Sasa nije kwenye kadi. Nilikuwa karibu kustaafu, na ofisi ilikuwa imepata mkurugenzi mpya, kijana msomi, mtoto wa watu wa Pemba, mwenye tabia nzuri kabisa. Nami mdomo uliniponza. Siku moja katika mazungumzo, kahawa mkononi, nikamsimulia kwa kuchekesha habari za Bibi Kikohozi wa zamani na mafungu yake mawili. Yeye hakucheka. Baada ya mwezi akaniita, akanionyesha kwenye simu yake mpango mzima. Kila mwenye kuhitaji ajiandikishe, atoe kitambulisho, apigwe picha, apewe kadi. Kadi moja, fungu moja.

"Ami Khalfan, wewe mwenyewe umeniambia watu wanachukua maradufu," akasema. "Hii ni amana. Lazima tujue nani anakula."

Nikamwambia habari ya kibla. Akanisikiliza kwa adabu, akasema mgawaji ataendelea kuelekea kibla, hakuna tatizo, mashine ya kusoma kadi itakuwa mlangoni. Ndio uhodari wa siku hizi: sharti linatimizwa herufi kwa herufi, na maana yake inafukuzwa. Tangazo likabandikwa penye mlango wa ua. Alhamisi ile mafungu yakabaki nusu kikapu. Nilikijua kikapu kile. Nilikiona miaka karibu arubaini nyuma, nikaandika ripoti.

Jumapili, ofisi zilipofunguliwa, nilikuwa katika chumba cha mkurugenzi, ninabishana naye kwa mara ya tatu, mlango ukagongwa. Akaingia bibi kizee, fimbo mkononi, amechoka kwa ngazi. Mkurugenzi akanyanyuka, akampa kiti chake mwenyewe. Nimeshasema ana tabia nzuri.

"Karibu, ya khalti. Umekuja kujiandikisha?"

Bibi akavuta pumzi. Akakohoa. Kikohozi kifupi, kikavu, mara mbili.

Nilishika ukingo wa meza. Ndio kwanza nauona uso wake wazi, na ulikuwa uso wa kawaida, una makunyanzi na macho ya kucheka.

"Sikuja kuandikwa," akasema. "Jina langu Mauwa, na hilo nnakupa bure. Nasikia mnatia kadi kwa sababu ya mtu alokuwa akitwaa mafungu mawili. Mtu mwenyewe mie. Nimetwaa mawili kila Alhamisi kwa miaka kumi na moja."

Mkurugenzi akaiweka simu yake chini. Kumshitaki mtu usiyemjua ni rahisi.

"Moja langu na wanangu," akaendelea Bi Mauwa. "La pili la mtu."

"Mtu gani, ya khalti?"

"Ahaa! Ndo nlilolijia. Umeniuliza, na kadi yako ingeniuliza vivyo hivyo. Nami ningenyamaza, kama ntavyonyamaza sasa, na mtu yule angelala na njaa. Sasa niambie, mwanangu, msomi wewe. Kadi yake ungempa nani, na yeye hatoki nje?"

Akaegemea fimbo yake, akangoja jawabu. Fikirini, vijana. Bibi wa miaka themanini, aliyeficha uso miaka yote asijulikane kwamba anakula mkate wa wakfu, amepanda ngazi za serikali mchana kweupe kuja kujitaja. Sijapata kuona ushujaa kama ule, na nimewaona wanaume wengi wenye majambia.

Mkurugenzi akaomba ule waraka wa mistari saba. Hakuusoma pale. Akautia mfukoni, akaniambia, "Alhamisi tutakwenda wote, Ami." Na Alhamisi alikwenda, akalibandua tangazo kwa kucha zake, akaketi kwenye kiti changu, ameelekea ukuta, na mimi nikabaki nje barabarani. Wa mwisho alipofunika kikapu kwa kawa na kutoa salamu, nilimsikia mkurugenzi anaitikia. Kadi hazikutajwa tena, na wakfu ya Bibi Zuweina ipo mpaka leo.

Lakini siku ile ya Jumapili mimi nilimsindikiza Bi Mauwa kushuka ngazi. Tulishuka ngazi moja moja. Katikati akasimama kupumzika, akaniangalia.

"Wewe ndo Khalfan wa Bi Zuhura."

"Ndiye mimi."

"Mgongo wako naujua kuliko uso." Akacheka, akakohoa. "Na fungu la pili unalijua lilikuwa la nani."

Nikaitikia kwa kichwa tu.

"Tulikaa ukuta kwa ukuta. Ulipompigia kelele uani alirudi akajifungia. Siku ya tatu nikaona hawashi moto. Nikampelekea, nikamwambia, Bi Rayya, nimechukua kingi, nisaidie kisiharibike. Ikawa hivyo kila Alhamisi, mpaka alipokufa."

"Alijua umekitoa wapi?"

"Alijua! Mkate wa yule Mbulushi, unaouagiza wewe, nani asoujua?"

"Na alikula?"

"Alikula, baba."

Nikakaa pale pale ngazini kama mtoto. Watu wakatupita na mafaili yao. Nikamuuliza kama Bi Rayya aliwahi kunitaja, na nilikuwa tayari kwa laana.

"Kila Alhamisi," akasema Bi Mauwa. "Miaka kumi na moja, neno lile lile. Alikata kipande, akakitafuna, akakunja uso wake kama enzi zile za Malindi, akasema: 'Huyu mtoto wa Bi Zuhura hajui chumvi.'"

Nikacheka, machozi yakinitoka mbele ya watu, wala sikuyafuta. Nikamtia Bi Mauwa kwenye teksi. Kisha nikenda kwa miguu mpaka kwenye tanuri, ambamo sasa huoka mtoto wa yule Mbulushi, nikamwambia aongeze chumvi.